Printa ya waifai inapotea kila umeme ukikatika? Soma hapa kabla hujaipakia kwenye boda

Hii hali wengi mnaijua. Umeme umekatika mchana umerudi jioni, printa inawaka, wino upo, karatasi zipo, ila ukituma kazi kutoka kwenye laptopu inakuandikia "Offline". Unazima unawasha, inaprinti leo, keshokutwa yale yale. Mwisho mtu anaamini printa imekufa, anaipakia kwenye boda kutoka Buhongwa mpaka mjini hapa Mwanza, fundi anaiunganisha na waifai yake pale dukani inaprinti bila shida yoyote, unalipa hela ya kuangaliziwa unarudi nyumbani na printa nzima na tatizo lako lile lile, maana tatizo hukulibeba, uliliacha nyumbani kwenye rauta.

Naongelea printa za kawaida za nyumbani na za steshenari ndogo, hizi HP, Epson na Canon zinazotumia waifai, ambazo mwalimu anazo kwa ajili ya mitihani, au kijana wa Malimbe anawaprintia wanachuo kazi zao. Na msimamo wangu nausema mapema: mara nyingi printa haijatoka kwenye waifai kabisa. Ipo, ila imepewa anwani nyingine na kompyuta bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Ni kama mpangaji amehama chumba ndani ya nyumba ile ile, bodaboda na mzigo wake bado anabisha mlango wa mwanzo. Kwahiyo kabla hujafuta draiva (ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), kabla hujariseti kitu, jua kwanza nani kampoteza nani, maana hapo kuna watu watatu: rauta, printa, na kifaa unachotumia kuprinti.

Jambo la bando tulimalize kwanza kwasababu linawapotezea watu muda sana. Kuprinti ndani ya nyumba hakuli bando. Kazi inatoka kwenye laptopu inaenda kwenye rauta inaenda kwenye printa, haitoki nje ya nyumba yako. Bando likiisha, rauta ikiwaka tu, printa inatakiwa kuprinti kama kawaida. Isipokuwa kama yako ni zile HP zilizosajiliwa kwenye mpango wao wa HP+, hizo zinataka intaneti muda wote na wino wao wenyewe, au kama umezoea kuprinti kwa kutuma imeili kwenye printa, hapo ndo intaneti inahitajika. Ukiona mtu anakwambia nunua bando printa itakubali, muulize vizuri.

Sasa kipimo chenyewe. Printa karibu zote zinaweza kutoa karatasi yenye taarifa za mtandao. Yenye kioo, ingia kwenye setingi sehemu ya mtandao utaona sehemu ya kuprinti hizo taarifa. Isiyo na kioo kunakuwa na namna ya kubonyeza vitufe, inatofautiana kwa kila modeli, angalia kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi (najua wengi mmeshakitupa, basi andika jina la modeli yako kwenye simu utakipata). Kwenye hiyo karatasi tafuta mstari wa anwani ya IP, zile namba nne zenye nukta katikati. Ukikuta 192.168 na namba nyingine mbili mbele, printa ipo kwenye waifai. Ukikuta 169.254 ujue printa imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa rauta ikakosa, yani haijaongea na rauta. Ukikuta sifuri tupu haijaunganishwa kabisa. Na angalia jina la waifai limeandikwa nini, usicheke, kuna watu printa yao imeng'ang'ania rauta ya zamani ambayo ishauzwa.

Ukishapata hiyo anwani, chukua simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo, fungua Chrome, iandike pale juu unapoandikaga tovuti, alafu ingia. Kwa printa nyingi utafunguka ukurasa wa printa yenyewe, una kiasi cha wino, jina la modeli, setingi. Simu ikikuonya kwamba ukurasa sio salama usiogope, ni printa yako hiyo, endelea. Ukifunguka, printa ni nzima na waifai ni nzima, mgonjwa ni laptopu. Usipofunguka, mgonjwa ni printa au rauta. Kipimo hiki cha dakika mbili kinakuokoa na mambo mengi sana, na ndo mafundi wengi wa mtaani wanakiruka wanakimbilia kufuta draiva.

Tuanze na kesi ya laptopu haioni ila ukurasa unafunguka, au simu inaprinti ila laptopu imegoma, ni ukoo mmoja. Simu nyingi huwa zinaitafuta printa kwa kuita jina lake kila mara kwahiyo hata ikihama zinaipata. Windows ikishasevu anwani inang'ang'ania. Na kwanini anwani inabadilika? Kwasababu rauta ndo inagawa anwani, na inazigawa kwa mkopo wa muda tu. Alafu rauta nyingi za bei ya kawaida zikizimika zinasahau nani alikuwa na ipi. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinaamka vinakimbilia rauta, simu ya mtoto imewahi, tv imewahi, printa inakuja inakuta namba yake ishachukuliwa inapewa nyingine. Ndo maana tatizo linakuja baada ya umeme kukatika na sio siku nyingine.

Dawa ya hapa ni kuiambia rauta kwamba anwani fulani ni ya printa, asipewe mwingine. Fungua ukurasa wa rauta kwenye kivinjari, anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na hizi rauta za laini za Huawei ni 192.168.8.1, pasiwedi ya kuingilia imebandikwa chini ya rauta yenyewe (sio lazima iwe sawa na pasiwedi ya waifai, angalia vizuri stika). Ndani tafuta sehemu ya DHCP, ndo inayogawa anwani, humo kuna kitu kinaitwa "Address Reservation", kwingine "Static Lease", kwingine wameficha huko kwenye LAN, tulia utaiona. Itakuomba vitu viwili, anwani unayotaka kuipa printa na namba ya MAC ya printa, hii ni ile yenye herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, ipo kwenye ile karatasi uliyoprinti. Chukua MAC ya waifai, maana printa zenye tundu la waya zinakuwa na mbili, ukiweka ya waya hakuna kitakachobadilika. Sevu, zima printa, washa. Basi, hata umeme ukatike mara ngapi itarudi na namba ile ile.

Rauta nyingine hasa hizi ndogo za kubeba mfukoni hazina hiyo sehemu. Hapo unaweka anwani kwenye printa yenyewe kwa mkono, kupitia ule ukurasa wake au kioo chake. Sharti lake usichague namba ambayo rauta inaweza kumpa mtu mwingine. Mfano rauta yako ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 mpaka 200, we printa ipe 192.168.1.50, sabneti weka 255.255.255.0, na geti wei weka namba ya rauta. Ukiweka ndani ya zile inazogawa, siku moja itampa mgeni simu yake namba hiyo hiyo, mtagombana kwenye mtandao na hakuna atakayejua kwanini.

Kisha rudi kwenye laptopu ukairekebishe, watu wanasahau hii hatua alafu wanasema dawa haifanyi kazi. Kwenye Windows ingia setingi, sehemu ya printa, bonyeza printa yako, "Printer properties", alafu "Ports". Utaona imetiki kwenye namba ya zamani au kwenye kitu kimeandikwa WSD. Hiyo WSD ndo njia ya Windows ya kuitafuta printa yenyewe, na kwenye waifai ya nyumbani huwa inaipoteza hovyo, mi siipendi kabisa. Bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", andika ile anwani mpya uliyoifunga, maliza. Printi karatasi ya kujaribu. Ukitoka hapo fungua ile foleni ya kazi uangalie kwenye menyu kama pana tiki kwenye "Use Printer Offline", ikiwepo itoe.

Na foleni yenyewe isafishe. Mtu akiona haitoki anabonyeza printi tena na tena, siku printa inarudi inamwaga kurasa za mtihani ule ule mpaka karatasi ziishe. Kama kazi zimeganda hazifutiki, andika "services" kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, shuka mpaka "Print Spooler", isimamishe, nenda folda la C:\Windows\System32\spool\PRINTERS futa vilivyomo ndani (folda lenyewe acha), rudi iwashe tena.

Mambo mengine mawili ya laptopu nayataja kwa haraka. VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia yake ya siri), ukiwa umeiwasha inaweza kuizuia laptopu isione vitu vya ndani ya nyumba, izime ndo uprinti. Na Windows ikiuliza mtandao huu ni wa umma au binafsi, ya nyumbani weka binafsi, ukiweka wa umma inajifungia isiongee na majirani zake printa ikiwemo.

Haya, upande wa pili, ukurasa wa printa haufunguki, karatasi inasema 169.254 au haijaunganishwa. Hapa nauliza maswali kama daktari wa hospitali ya Bugando asubuhi, moja baada ya jingine.

Umebadilisha pasiwedi ya waifai? Hii ndo inaongoza kwenye nyumba za kupanga. Wapangaji wenzako wamejua pasiwedi, wanakula bando lako kuangalia mpira, we umebadilisha umekaa kimya, simu ukaiwekea mpya, laptopu ukaiwekea, printa nani kaikumbuka? Iingizie upya kwenye setingi zake za waifai. Isiyo na kioo tumia WPS (kuunganisha kwa kitufe bila kuandika pasiwedi) kama rauta inayo, unabonyeza kitufe cha printa mpaka taa ya waifai ianze kupepesa, alafu ndani ya dakika mbili unabonyeza cha rauta. Na mkibadilisha rauta nzima, ujanja ni kuipa rauta mpya jina lile lile la waifai na pasiwedi ile ile ya zamani, herufi kubwa na ndogo vile vile, vifaa vyote vinaingia vyenyewe bila kuguswa.

Rauta ni mpya ina masafa mawili? Printa nyingi za nyumbani zinasikia 2.4 GHz tu, 5 GHz kwao haipo duniani. Rauta nyingi za sasa zinaunganisha masafa yote kwa jina moja, na printa nyingine hapo zinachanganyikiwa, zinaingia zinatoka. Ingia kwenye rauta utenganishe majina, ya 2.4 ipe jina lake, printa iweke huko. Laptopu inaweza kubaki kwenye 5, wataonana tu kwasababu rauta ni moja. Na usalama kama umewekwa WPA3 peke yake, printa ya zamani haiwezi kuingia, weka WPA2 au ile ya mchanganyiko.

Umeiweka kwenye waifai ya wageni? Hiyo kazi yake ni kutenganisha vifaa visionane. Printa itaonyesha imeunganishwa, taa imetulia ya bluu, na bado hakuna anayeiona. Irudishe kwenye ya kawaida.

Unatumia hotspoti ya simu? Hapa nakuwa mkweli, printa na hotspoti ya simu ni ndoa ya mkeka. Ukitoka na simu kwenda sokoni mtandao umeondoka na wewe. Android nyingi zinazima hotspoti zenyewe zikiona hakuna anayeitumia, na nyingi za sasa zinabadilisha namba za mtandao kila ukiwasha upya, kwahiyo ile habari ya kufunga anwani haikusaidii kitu. Kwa iPhone washa ile "Maximize Compatibility" ili itoe 2.4. Ila kama unaprinti kwa ajili ya biashara tafuta rauta hata ya bei ndogo iliyotumika, isiwe hata na laini ndani, kazi yake iwe kuunganisha printa na laptopu tu. Na hizi za kubeba mfukoni zina kikomo cha vifaa, nyingi ni 10, wageni wakijaa jumapili printa inakosa nafasi.

Tukija kwenye signo, yani nguvu ya waifai, Mwanza tuna mambo yetu. Nyumba zimekaa juu ya mawe, wengine jiwe limeingia mpaka ndani ya ukuta, huko Isamilo, Mabatini, Bugando kule mlimani unakuta nyumba ina sebule juu na chumba kingine chini kimekatwa kwenye mwamba. Jiwe la hivyo waifai hailipiti, inazunguka kama inaweza. Ukuta wa tofali la kuchoma inapita ikiwa imechoka, zege lenye nondo inachoka zaidi, na simtenki lililojaa maji likiwa katikati ya rauta na printa ni ukuta mwingine, maji yanaimeza 2.4 vizuri sana. Kwenye ile karatasi ya mtandao au kioo cha printa kuna kiwango cha signo, ukikuta ni dhaifu usihangaike na setingi, hamisha printa au rauta. Rauta ikae juu, wazi, sio nyuma ya tv wala ndani ya kabati la vyombo kwasababu mama hapendi kuona nyaya. Jaribio rahisi: beba printa iweke chumba kimoja na rauta siku kadhaa, ikitulia hapo umeshajua ni umbali. Wanaokaa maeneo yaliyobanana kama Kirumba, kila chumba kina rauta yake, ingia kwenye setingi za 2.4 uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana, programu za bure za kuangalia hizo zipo kwenye simu.

Kuna printa zinapotea sio kwasababu ya umeme bali zikikaa kimya muda mrefu, usiku iko sawa asubuhi haipo. Hiyo ni usingizi. Ingia kwenye setingi zake za nishati, ongeza muda wa kulala na ile ya kujizima yenyewe iondoe kabisa. Ukiwa humo humo angalia kama kuna toleo jipya la programu ya printa, ila usiliweke siku ambayo mawingu yamefunga upande wa ziwani, umeme ukikatika katikati ya kusasisha ndo utaenda kwa fundi kweli. Na wanaotumia katriji za kujaza au zisizo za kampuni wafikirie mara mbili, toleo jipya linaweza kuzikataa.

Turudi kwenye umeme maana ndo mzizi. Umeme ukirudi vyote vinawaka kwa pamoja, printa inakuwa tayari kabla rauta haijamaliza kuamka, inatafuta waifai inakosa, nyingine zinaendelea kutafuta nyingine zinakata tamaa. Kwahiyo zima printa kwenye swichi ya ukutani umeme ukikatika, ukirudi acha rauta iwake peke yake dakika mbili tatu mpaka taa zitulie, ndo uwashe printa, laptopu mwisho. Kilicho bora zaidi ni rauta isizimike kabisa. Kuna vile vibetri vidogo vya rauta, unasoma volti zilizoandikwa kwenye adapta yake, nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na za 5, unanunua kinacholingana, basi umeme ukienda masaa machache rauta haijui hata kama umekatika na hakuna anayesahau anwani ya mtu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta (lile boksi la betri ya akiba), ile inavuta umeme mwingi kwa mkupuo inapopasha moto, utaiua UPS. Na radi zikianza kupiga ziwani chomoa kila kitu ukutani, ukiwa na antena ya nje juu ya bati waya wake nao chomoa, maana swichi haizuii radi.

Ukishafanya yote hayo bado inapotea, unganisha waya na maisha yaendelee. Waya wa USB usizidi mita 5. Kama printa ina tundu la waya wa mtandao huo unafika mpaka mita 100, na kwa steshenari mi ningeanza nao moja kwa moja bila kusubiri waifai initese. Ila ukichomeka USB Windows itaongeza printa ya pili kwenye orodha yenye jina karibu lile lile, kwa hiyo weka tiki kwenye ile mpya iwe ndo chaguo la kwanza na ya zamani ifute, la sivyo kazi zitaendelea kwenda kwenye ile ya waifai na utasema hata waya umegoma.